Siku Injini Ilipovuta Aera

Injini ilikohoa mara tatu, ikatetemeka, ikanyamaza. Mashua iliendelea kuteleza kidogo kwa nguvu zilizobaki, povu la ubavuni likapungua hadi likaisha, na kwa mara ya kwanza tangu waondoke Astipalea kabla ya alfajiri, Themelina aliwasikia nyuki wake. Mizinga thelathini na minne ilikuwa imepangwa juu ya sitaha kwa safu, midomo imezibwa kwa wavu, na ndani yake mlitoka mvumo mmoja mzito, kama watu wengi wanaosali kwa sauti ya chini nyuma ya mlango.

"Imevuta aera," alisema Skevos kutoka kwenye shimo la injini. Alionekana kisogo tu.

Watu wa visiwa vile hawana neno la upepo na neno la hewa. Wana aera basi. Aera ndiyo inayojaza tanga, aera ndiyo inayoingia kifuani, na aera hiyohiyo ikipenya kwenye mpira wa dizeli, injini hukosa mafuta ikazimika. Mtu akilitaja neno hilo inabidi umtazame uso na mahali alipo ndipo ujue anasema nini.

Themelina alikuwa na sababu yake ya kulichukia. Baba yao alipogawa mali, nyumba alimpa yeye, maana kwa desturi ya Kalimnos binti mkubwa ndiye mwenye nyumba. Skevos alimwachia aera ya nyumba hiyo, yaani ile nafasi tupu juu ya paa, haki ya kuja kujenga juu ya kichwa cha dada yake. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeikumbuka. Kisha kiangazi cha mwaka jana Skevos alisema mkahawani, mbele ya watu, kwamba kuna bwana mmoja wa Athens anaitaka aera ile, na kwamba yeye anafikiria kumpa. Themelina alizipata habari hizo kwa muuza mkate. Tangu siku hiyo ndugu hao wawili, yeye mwenye miaka sitini na mmoja na mdogo wake mwenye hamsini na nne, hawakusemezana ila kwa neno la lazima.

Mashua iliyozoea kumbebea nyuki ilikuwa nchi kavu ikibadilishwa mbao. Wakati wa maua ya thaimu, ule mmea wa harufu uliowapeleka nyuki huko, ulikuwa umekwisha, mizinga ilikuwa imejaa, na kila siku ya kuchelewa huko Astipalea nyigu walikuwa wakiishambulia. Ndipo mama yao, mwenye miaka themanini na minne, alipomwita Skevos jikoni akamwambia: "Utakwenda kumchukua dada yako." Skevos akaenda.

Sasa walikuwa katikati ya njia. Nyuma yao Astipalea ilikuwa imebaki mstari wa bluu, na mbele Kalimnos ilikuwa bado haijaonekana vizuri. Bahari ilikuwa imelala.

Skevos alilegeza skrubu ya kwenye pampu, akasukuma dizeli kwa kidole gumba mpaka mapovu yakaisha, akakaza, akashika mpini wa kuwashia na kuuzungusha. Injini ikashika. Ikaenda kwa muda wa kuvuta sigara moja, ikafa tena. Akarudia. Mara ya tatu alikuwa ameshakasirika, akauzungusha mpini bila kuweka miguu sawa, nao ukarudi kinyume kwa nguvu. Themelina alisikia mlio kama kijiti kikivunjika.

Alipomtoa shimoni, kiganja cha kulia kilikuwa kimechanika kutoka kidole gumba hadi kifundo, na kifundo chenyewe kilikuwa kimeanza kuvimba.

"Sogeza vidole."

"Vinasogea."

"Vyote?"

"Kile kidogo kinagoma."

Alimwosha kwa maji ya bahari, Skevos akatukana kimya kimya. Kisha Themelina akafungua chombo cha asali aliyokuwa amewabebea majirani, akaijaza ndani ya jeraha kwa kijiko, akafunga kwa kitambaa chake cha kichwani na kuukaza mkono kwenye kipande cha fremu ya mzinga usipinde.

"Unanipaka asali kama keki," alisema Skevos.

"Keki haina kelele. Tuna maji kiasi gani?"

"Mimi nilikuja na chupa."

"Mimi nina dumu moja na nusu. Ile nusu ni ya nyuki."

"Nyuki wana dumu lao?"

"Wana dumu lao. Wewe ulileta sigara."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote waliyosemezana kwa mwaka mmoja. Wote wawili waliliona hilo. Redio hawakuwa nayo. Miaka ile mashua ndogo nyingi zilisafiri hivyo. Walikaa wakitazama kama itapita meli.

Saa tatu asubuhi, bahari upande wa kaskazini ilibadilika rangi. Mstari wa bluu iliyokolea ulitokea mbali, ukapanuka, ukawa na meno meupe.

"Aera inakuja," alisema Skevos, na safari hii Themelina hakuhitaji kumtazama uso.

Ilikuja kama inavyokuja kila Agosti, bila wingu hata moja, jua likiwaka. Hakuna radi wala giza, ni ule msukumo mmoja usiochoka unaotoka kaskazini na kupita juu ya maji kama mtu anayefagia ua. Katika nusu saa mawimbi yalikuwa yanafika kimo cha kifua. Mashua isiyo na injini iligeuka ubavu, na kila wimbi lililopita liliilaza, ikachukua muda mrefu kuinuka kwa sababu ya uzito uliokuwa juu. Maji yakaanza kuingia. Themelina alishika ndoo na kuanza kuyafua maji, akiyamwaga upande uliokingwa na upepo, huku Skevos akijishikilia kwenye kibanda cha usukani kwa mkono wake mzima.

"Safu ya juu lazima iondoke," alisema Skevos.

"Sema mizinga."

"Mizinga, dada. Ile tisa ya juu."

"Usiniite dada ili unitupie nyuki."

"Basi nikuite nani? Tazama inavyolala! Wimbi moja likija vibaya tunakwenda wote, sisi na wao na asali yao."

"Wewe maneno yako siku zote ni aera ya kutwanga kinuni."

Skevos alikuwa mweupe usoni, na Themelina aliona kwamba hakuwa akibishana, alikuwa akiogopa. Themelina alipanda mwenyewe juu ya mizinga, akapiga magoti, akakata kamba. Kabla ya kuusukuma kila mzinga aliubandua wavu mdomoni, ili wasife wamefungwa gizani. Nyuki wakamiminika. Walimdunga shingoni na masikioni, naye hakupepesa mkono. Mzinga wa kwanza ukaenda, wa pili, wa tano. Masanduku ya bluu na meupe yaliyumba juu ya maji, yakaachwa nyuma. Juu ya mashua lilibaki wingu la nyuki lisilojua liende wapi. Likazunguka, likanyooka kama moshi, kisha aera ikalichukua likapotea kusini. Wachache walifaulu kushuka wakang'ang'ania kwenye mbao za mizinga iliyobaki.

Sanduku la tisa hakulitupa hivihivi. Alilikung'uta, akatoboa ubao wake kwa kisu, na Skevos akamwelekeza jinsi ya kulifunga kwa kamba nne na kulishusha omoni, kwenye pua ya mashua, kamba ndefu ya nanga ikiwa nyuma yake. Sanduku likazama nusu, likaburura maji, na taratibu omo ya mashua ikageuka kuyatazama mawimbi. Mashua ikaacha kulala ubavu. Sasa ilipanda na kushuka, kupanda na kushuka, na maji yaliyoingia yakawa ya kikombe badala ya ndoo.

Themelina alikaa chini kwa mara ya kwanza. Masikio yake yalikuwa yamevimba kama ya mcheza ngumi.

"Umeumwa mara ngapi?" aliuliza Skevos.

"Sikuhesabu. Kunywa maji. Mafunda mawili, usizidishe."

Kufikia saa saba jua likawa adui mkubwa kuliko mawimbi. Mvumo wa nyuki ulikuwa umebadilika. Asubuhi ulikuwa wa chini na wa pamoja. Sasa ulikuwa mkali na wa juu, na Themelina aliujua. Ni sauti ya nyuki wanaopepea mabawa kwa nguvu zote kuitafuta aera, na wakishindwa nta huyeyuka, masega huanguka, na mzinga mzima huzama ndani ya asali yake. Juu yao kulikuwa na turubai la kuwakinga. Aliwanyunyizia maji ya dumu lao kupitia wavu, konzi kwa konzi.

Skevos alikuwa anatazama dira.

"Tunakwenda kusini moja kwa moja," alisema. "Tukiendelea hivi, kesho asubuhi tutakuwa karibu na Sirna. Ni kisiwa kidogo, kina mbuzi na nyumba moja. Nilikwenda huko na baba kuzamia sifongo nikiwa na miaka kumi na sita."

"Tukikikosa?"

"Hakuna kingine mpaka Krete. Siku tatu. Labda nne."

Themelina alilitazama dumu. "Basi tusikikose."

"Nikiwa na tanga naweza kuielekeza. Kidogo, lakini naweza. Nahitaji turubai."

Alikuwa amejua atasema hivyo. Lilikuwa turubai moja tu, na chini yake mizinga ishirini na mitano. Alisimama, akaingia kibandani, akatoka na mablanketi yote mawili, shuka, koti la Skevos na gauni lake la kubadilisha. Alivichovya vyote baharini kwa kamba na kuvitandaza juu ya mizinga vikiwa vinachuruzika. Aera yenyewe iliyokuwa ikiwapeleka ikavipuliza na kuvipoza. Baada ya robo saa mvumo ulishuka kidogo.

"Chukua turubai lako," alisema.

Waliutumia upondo kuwa mlingoti. Skevos alitoa maagizo, Themelina alifunga mafundo, na kila alipofunga vibaya alimwambia, "Siyo hivyo, hilo ni fundo la mbuzi," naye akalifungua na kulifunga tena. Walipoinua sanduku kutoka majini, tanga hilo bovu la rangi ya kijani likajaa, mashua ikatetemeka na kuanza kwenda, ikisukumwa mgongoni. Wakati wote wa alasiri kazi ilikuwa ileile: Skevos usukanini kwa mkono wa kushoto, Themelina akichovya mablanketi na kuyatandaza, akichovya na kuyatandaza, mpaka ngozi ya viganja ikawa nyeupe na laini kama ya mfu. Walikula biskuti ngumu na jibini. Asali hawakuigusa, maana huleta kiu.

Jua lilipokuwa linashuka, aera ilipungua ukali kidogo, kama ilivyo kawaida yake jioni. Skevos aliomba sigara. Themelina alimwashia, akamwekea mdomoni.

"Ule mpira wa mafuta," alisema Skevos, "umepasuka. Karibu na pampu. Haukupasuka leo."

Themelina alichovya blanketi tena.

"Ulipasuka mwezi wa tano. Niliufunga kwa utepe. Kila siku nilisema nitanunua mwingine kesho. Na jana usiku pale bandarini ulipouliza kama injini ni nzima, nikakwambia angalia nyuki wako."

"Nakumbuka."

"Nimekuua, karibu."

Themelina alikuwa na maneno tayari. Yalikuwa yamekaa mdomoni mwake mwaka mzima, yakisubiri nafasi kama hii, na yalikuwa makali. Alimtazama. Aliona midomo iliyopasuka kwa chumvi, mkono uliofungwa kwa kitambaa chake chenye maua, na mabega yaleyale ya mtoto aliyekuwa akimbeba mgongoni wakati mama yao alipokwenda kusafisha sifongo bandarini.

"Na ile aera ya nyumba," aliuliza, "huyo bwana wa Athens umeshampa?"

"Sijampa. Wala hajarudi kuuliza tangu Februari."

"Sasa kwa nini umekaa kimya, mtu mzima wewe?"

Tanga lilipiga kofi mara moja, Skevos akalirekebisha.

"Nilitaka uje," alisema. "Nilidhani ukisikia utapanda mpaka kwangu, utanigombeza, kisha utaniambia Skevos, usifanye hivyo. Mara moja tu uje uniombe kitu. Maisha yote nyinyi mnanituma. Hakuna anayeniomba."

Themelina aligeuza uso kaskazini, aera ikampiga machoni. Hakutegemea hilo. Alikuwa amejiandaa kwa tamaa, kwa ukaidi, kwa wivu. Hili hakuwa na pa kuliweka.

"Mimi nilikuwa nasubiri wewe upite mlangoni," alisema mwishowe. "Mwaka mzima naacha mlango wazi nikijifanya naingiza aera jikoni."

"Nilikuwa napita kwa nyuma."

"Najua. Mbwa alikuwa anabweka."

Wote wawili wakacheka, kicheko kikavu chenye kukwaruza koo, na kikawagharimu mate ambayo hawakuwa nayo.

"Ukitaka kujenga, jenga wewe," alisema Themelina. "Nitavumilia miguu yako. Usiniletee miguu ya mgeni."

Usiku walipokezana usukani, na hakuna lililotokea isipokuwa nyota na baridi.

Kulipopambazuka, Sirna ilikuwa pale. Ilisimama kushoto kwao, kahawia na tupu, vilele vyake viwili vikiwa tayari na jua. Themelina alitaka kupiga kelele za furaha. Alipomwona Skevos, akanyamaza.

"Tumepita mno magharibi," alisema Skevos. "Hiki si chombo cha tanga. Hakikati aera, kinasukumwa tu. Tunapita pembeni yake, maili mbili, na tukishapita hatuwezi kurudi."

"Tunahitaji nini?"

"Injini. Robo saa."

"Mpira ukizibwa utakwenda robo saa?"

"Kwa nini uzibwe? Utepe hauna—"

Themelina alikuwa ameshafungua mzinga wa pembeni, bila moshi wala chandarua, akakata kipande cha sega kuukuu na kukitafuna. Alitema asali, akaendelea kutafuna nta mpaka ikawa ulimi mmoja laini. Alirarua ukanda wa shuka, akaupaka nta pande zote, akateremka shimoni. Mpasuko haukuzidi urefu wa ukucha. Aliufunga mara saba, akakandika nta juu yake, akakaza kwa waya wa fremu.

"Injini ikipata moto itayeyuka," alisema Skevos kutoka juu.

"Nitaimwagia maji. Niambie hiyo skrubu iko wapi."

Alimwelekeza. Themelina alisukuma pampu, mapovu yakatoka, yakatoka, yakapungua. Dizeli safi ikamtiririkia vidoleni. Akakaza. Kilibaki kile chuma cha kuwashia, ambacho Themelina hakuwahi kukizungusha maishani, na Skevos alikuwa na mkono mmoja.

"Kidole gumba usikizungushie mpini," alimwambia akiteremka kando yake. "Kiweke juu pamoja na vingine. Ukirudi, uachie. Tunazungusha pamoja. Nikisema."

Walishika wote wawili, mikono mitatu kwenye chuma kimoja. Skevos akavuta pumzi, na kilichomtoka mdomoni kilikuwa ule ukelele ambao askari waliupiga vitani wakipanda milima ya Albania, na ambao watoto wote wa nchi ile huupiga wakicheza vita.

"Aeraaa!"

Mpini ukazunguka mara moja, ukazunguka mara mbili. Moshi mweusi ukawapiga usoni, na injini ikanguruma.

Skevos aliruka usukanini. Themelina alibaki shimoni, amepiga magoti, ndoo kati ya mapaja, akimimina maji ya bahari juu ya ule mpira, kidogo kidogo, bila kukoma. Hakuona kisiwa. Aliona nta tu. Dakika ya nne ilianza kung'aa. Dakika ya saba ilianza kulainika pembeni, akaishika kwa vidole vyote na kuibana, chuma kikimuunguza kiwiko. Juu yake alisikia mawimbi yakipiga ubavu, na Skevos akiita: "Bado kidogo! Bado kidogo, dada!" Ndoo iliisha. Aliita maji, Skevos akamtupia chupa yao ya maji ya kunywa, ya mwisho, naye akayamimina yote juu ya nta bila kufikiri.

Kisha mawimbi yakaacha kupiga. Ghafla, kana kwamba kuna mtu aliyefunga dirisha. Injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikafa.

Alipotoa kichwa, walikuwa nyuma ya rasi, ndani ya ghuba ndogo ya maji ya kijani, mashua ikiteleza polepole kuelekea mawe. Kengele za mbuzi zilisikika mlimani. Na pale ufukweni alikuwa amesimama mwanamke mzee aliyevaa nyeusi, ametia mikono kiunoni.

"Tupa kamba!" alipiga kelele. "Unangoja nije niogelee?"

Jina lake lilikuwa Anezina. Aliishi pale na mumewe, ambaye wiki ile alikuwa mlimani na mbuzi. Hakuwauliza kitu mpaka walipokunywa. Maji yalitoka kwenye kisima cha mvua kilichochimbwa mwambani, yalikuwa na ladha ya jiwe na majani, na Skevos alikunywa kikombe kimoja, akakiweka chini, akaanza kulia bila sauti. Anezina alimjazia kingine.

"Taratibu, mwanangu. Kisima hakikimbii."

"Bi Anezina," alisema Themelina, "una thaimu upande gani?"

"Kila upande. Hata ndani ya supu. Kwa nini?"

Waliishusha mizinga mmoja mmoja, Anezina akisaidia kama mwanamume, wakaipanga kwenye ukuta wa mawe ulioukinga upepo. Themelina aliondoa nyavu. Minne ya kwanza ilikuwa kimya, na kwenye sakafu yake kulikuwa na nyuki wafu tele waliogandamana kwenye asali. Wa tano, nyuki mmoja alitoka, akasimama mlangoni, akasafisha uso kwa miguu ya mbele. Akatoka mwingine. Kisha wakaanza kutoka kwa mafungu, wakiruka kwa kurudi nyuma, macho yao kwenye mlango, kama wafanyavyo wanapojifunza mahali papya. Mizinga kumi na tisa ilikuwa hai. Themelina alikaa juu ya jiwe katikati yao, akalala akiwa amekaa.

Mashua ya wapiga mbizi wa sifongo iliingia ghubani siku ya sita. Nahodha wake, Drosos, alikuwa mtu wa Kalimnos, mcheshi, mwenye mdomo mkubwa, na alimjua Skevos tangu shule.

"Kule kwetu wameshawawashia mishumaa ya wafu!" alisema. "Nini kilikupata, wewe mwenye bahari yako? Dhoruba?"

Mabaharia wanne walikuwa wamesimama nyuma yake wakisikiliza. Lolote litakalosemwa pale lingefika mkahawani kabla ya Jumapili. Themelina alijua jinsi mdogo wake alivyozoea kusimulia mambo, jinsi mawimbi yanavyoongezeka kila anapoyasimulia. Alikuwa tayari kumwachia.

"Haikuwa dhoruba," alisema Skevos. "Aera ya Agosti tu. Mpira wa mafuta ulikuwa umepasuka tangu mwezi wa tano, nikajua, nikaacha. Mwanamke huyu aliuziba kwa nta aliyoitafuna mdomoni. Mimi nilikuwa nimeshika usukani kwa mkono mmoja na kuomba Mungu."

Drosos alifungua mdomo aseme utani, akatazama uso wa Skevos, akaufunga.

"Haya, pandeni," alisema. "Mashua yenu tutaivuta. Mama yenu hajalala."

"Nyuki wameshaujua mlango wao hapa," alisema Themelina. "Nikiwahamisha tena wiki hii, wataisha. Mimi nabaki mpaka Oktoba. Mwambie mama tuko hai, na kwamba nimekula vizuri."

Skevos alipanda kwenye mashua ya Drosos, akaingia chini, na Themelina akaona sawa. Mkono ulihitaji daktari, na mwanamume ana shughuli zake. Aligeuka kuelekea mizinga. Nyuma yake alisikia Drosos akiapa, kisha kishindo cha mtu anayerukia maji ya kina kifupi. Alipogeuka, Skevos alikuwa anakuja ufukweni, maji magotini, ameinua juu ya kichwa blanketi, mpira mpya wa mafuta na pakiti mbili za sigara.

"Yule anayewatibu wapiga mbizi chini ya sitaha amenitazama," alisema. "Kidole kidogo hakitanyooka tena. Mengine yatapona."

"Nani amekuita ubaki?"

"Hakuna."

Themelina alitazama mashua ya Drosos ikigeuza omo kuelekea kaskazini. Kulikuwa na maji ya kuwabebea nyuki, ukuta wa kuinua, na mizinga sita mitupu ya kusafisha kabla nondo hawajaiingia. Peke yake angemaliza kazi hiyo kwa wiki tatu.

"Skevos," alisema. "Nakuomba, nisaidie."

Aliweka blanketi juu ya jiwe, akakunja mikono ya shati kwa meno na mkono wa kushoto, akamfuata ukutani.